Bastola ya urithi: itambuliwe kwanza, matengenezo baadaye

Tangu uhakiki wa silaha zilizo mikononi mwa raia uanze, kitengo chetu cha ukaguzi kimepokea malalamiko mengi kutoka kwa warithi wanaoona kwamba wanasumbuliwa kwa ajili ya kitu ambacho, kwa maneno yao, ni kumbukumbu ya marehemu tu. Hatuna shaka na nia yao. Hata hivyo, nia hiyo njema haijawazuia baadhi yao kuisugua silaha kwa msasa kabla ya kutuletea.

Revolva moja (bastola yenye silinda ya risasi inayozunguka) niliyoikagua ilifika ikiwa imeviringishwa kwenye taulo, inang'aa kama kijiko kipya. Mahali pa namba ya silaha kwenye fremu palibaki tarakimu mbili, na ya tatu ingeweza kuwa 3 au 8. Ndani ya silinda, tundu moja lilikuwa bado na risasi iliyokwama kwa kutu. Kijana aliyeileta aliibeba ndani ya basi, na alishangaa alipoambiwa kwamba kutu hiyo haikuiua risasi.

Nieleze jambo hili kwa uwazi: kutu si uthibitisho kwamba silaha imekufa. Isitoshe, revolva nyingi za zamani hazina kizuizi kati ya nyundo na risasi. Nyundo ikiwa imelalia tundu lenye risasi, pigo la kuanguka sakafuni laweza kuifyatua, na ndiyo sababu watumiaji wa zamani waliliacha tupu tundu lililo chini ya nyundo. Mrithi asiyeifahamu silaha asijaribu kuifungua wala kuchokonoa risasi iliyokwama. Aiache ilipo, azuie watoto na wageni kufika hapo, kisha atoe taarifa.

Utambuzi hutegemea alama, na alama husomwa vibaya kuliko mtu anavyodhani. Herufi ELG ndani ya umbo la yai si jina la kiwanda, ingawa kila mwezi tunaulizwa bei ya "bastola ya ELG". Hiyo ni alama ya nyumba ya majaribio ya Liège, Ubelgiji, inayoonyesha kwamba silaha ilijaribiwa kwa shehena ya baruti kali kuliko ya kawaida, bila kumtaja aliyeitengeneza. Vivyo hivyo, tarehe zilizochongwa juu ya mitutu mingi ya silaha za viwanda vya Colt na Smith & Wesson ni tarehe za hataza, yaani za kusajili haki ya uvumbuzi. Silaha yenyewe inaweza kuwa ilitengenezwa miaka mingi baadaye.

Kosa hilo la tarehe huzaa dai jingine, kwamba silaha iliyopita miaka mia moja haihusiki na sheria. Itifaki ya Umoja wa Mataifa kuhusu silaha za moto, iliyopitishwa mwaka 2001, inaiachia kila nchi ieleze silaha ya kale ni ipi, lakini hairuhusu iliyotengenezwa baada ya 1899 kuitwa hivyo kwa hali yoyote. Umri peke yake, basi, haukuondolei wajibu wa kuomba kibali.

Kuhusu matengenezo, fundi mwenye leseni hataanza na springi iliyolegea. Ataanza kwa kupima kama kila tundu la silinda linasimama sawasawa na mtutu nyundo inapovutwa, kama silinda inacheza, na kama fremu ina ufa. Ataangalia pia kama chuma kilikusudiwa baruti nyeusi, kwa kuwa baruti isiyo na moshi, iliyobuniwa Ufaransa mwaka 1884, ina shinikizo ambalo revolva nyingi za awali hazikuundiwa. Namba ya kipenyo nayo hudanganya. Baadhi ya revolva za Smith & Wesson zilizopelekwa Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili zilitobolewa upya baada ya vita ili zipokee aina ya risasi iitwayo .38 Special, ambayo ganda lake ni refu na jembamba kuliko la risasi ya .38 S&W ya awali; ganda hilo likifyatuliwa humo hutuna au kupasuka. Mchongo wa "38" hausemi lolote kuhusu hayo. Ikiwa jibu la fundi ni kwamba silaha isifyatuliwe tena, huo ndio mwisho wa mjadala wa vipuri.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Katika nchi nyingi kibali humfuata mtu na si silaha, hivyo mwenye kibali akifariki, msimamizi wa mirathi hutoa taarifa polisi bila kuisafirisha silaha yeye mwenyewe, akiwa na cheti cha kifo, hati ya usimamizi na kibali cha marehemu, kama kipo. Kibali kisipoonekana, taarifa itolewe vilevile; ukimya wa muda mrefu ndio hugeuza urithi kuwa kosa la kumiliki silaha bila kibali, ambalo mara nyingi adhabu yake ni kifungo, faini au vyote viwili. Kufuta namba kwa kawaida ni kosa linalojitegemea, na maelezo kwamba ulikuwa unaondoa kutu hayatoshi. Baada ya ukaguzi, silaha husajiliwa kwa mrithi anayestahili, huzimwa kitaalamu isiweze kufyatua tena ili ihifadhiwe kama kumbukumbu, au husalimishwa. Kwa vyovyote vile, dai stakabadhi yenye namba ya silaha, na uisome papo hapo kabla ya kutia saini.