Regulata ya kaboni dioksidi kwenye tangi la samaki: dhana potofu na ukweli wake

"Mshale wa geji haujashuka, basi gesi bado ni tele."

Gesi hii hulisha mimea ya tangi, na regulata ndiyo kifaa kinachopunguza presha yake itokapo mtungini. Geji ya upande wa mtungi haipimi kiasi. Ndani ya mtungi kaboni dioksidi imekaa kama kimiminika, na juu yake gesi. Maadamu kimiminika kipo, presha hufuata joto tu: takribani bar 57 kwenye nyuzi joto 20, na bar 64 hivi kwenye nyuzi 25. Kwa hiyo mtungi uliojaa na ule uliofika nusu husomeka sawasawa. Mshale ukianza kuporomoka ilhali joto la chumba ni lilelile, kimiminika kimekwisha. Anayetaka kujua kilichobaki aweke mtungi kwenye mizani, kisha atoe uzito wa mtungi mtupu uliogongwa shingoni.

"Mtungi ukikaribia kuisha, viputo hupungua vyenyewe."

Hii ndiyo dhana inayoua samaki. Kwenye regulata nyingi za hatua moja (zinazopunguza presha mara moja tu) mambo huenda kinyume. Springi husukuma kiwambo ili kufungua kizibo kidogo cha ndani, na presha ya mtungi husaidia kukisukuma kizibo hicho kifunge. Presha ya mtungi ikishuka, springi hubaki bila mpinzani wa kutosha; kizibo hufunguka zaidi na presha ya kutoka hupanda. Vali ya sindano (ile ndogo inayorekebisha kasi ya viputo) iliyowekwa kwa bar 2 sasa inapokea zaidi, viputo vinaongezeka, na samaki wanakutwa wakihema juu ya maji.

Regulata ya hatua mbili hupunguza presha mara mbili, hivyo kuyumba kwa mtungi kunafika kwenye tangi kumekwisha kufifia. Mwenye kusafiri mara kwa mara asiwe bahili hapa. Anayelitazama tangi lake kila siku anaweza kabisa kutumia ya hatua moja, mradi abadilishe mtungi mara tu mshale unapoanza kushuka, asisubiri sifuri.

"Regulata yoyote ya kaboni dioksidi itafaa."

Ya mitambo ya bia inafaa, ila uongeze vali ya sindano, kwa kuwa skrubu yake hurekebisha presha tu na haiwezi kudhibiti kiputo kimoja kimoja. Ya kulehemu yenye kipimo cha lita kwa dakika achana nayo: tangi la samaki hutumia mililita tu kwa dakika.

"Inavuja kwenye mtungi? Zungushia tepu ya mafundi bomba."

Kwenye maungio ya CGA-320 ya Marekani na W21.8 yanayotumika sehemu kubwa ya Ulaya, hesi hazizibi gesi. Kazi yake ni kubana. Kinachoziba ni washa bapa iliyo kati ya nyuso mbili. Tepu huzuia nyuso hizo zisikutane sawasawa. Badilisha washa kila unapobadilisha mtungi, isipokuwa regulata yako ina oringi (pete ya mpira) ya kudumu. Tepu ina mahali pake kwenye hesi zinazochongoka, kama zile zinazounga vipande vya regulata yenyewe.

Kabla ya kufungua mtungi, legeza skrubu ya presha mpaka izunguke bila ugumu, na ufunge vali ya sindano. Simama kando, si mbele ya geji. Fungua mtungi polepole, kisha kaza skrubu hadi bar 2 au 3 kwa difyuza (kifaa kinachosambaza gesi majini) ya kauri. Difyuza inayotoa viputo vikubwa huhitaji kidogo zaidi ya bar 1. Paka maji ya sabuni kila kiungo. Mwishowe zima solenoidi (vali ya umeme inayofungua na kukata gesi), funga mtungi na usome geji: mshale ukiwa umeshuka baada ya saa kadhaa, kuna mvujo ambao sabuni haikuuona.

"Vali ya sindano ikazwe kwa nguvu ili gesi ikatike."

Ukifanya hivyo ncha huchimba kikalio chake, na kuanzia hapo viputo havitulii tena. Kukata gesi ni kazi ya solenoidi. Solenoidi hiyo kuwa na joto ukiigusa ni kawaida. Harufu ya kuungua si kawaida.

"Viputo viwili kwa sekunde ni kipimo cha kila tangi."

Kiputo cha kihesabu-viputo kimoja si sawa kwa ukubwa na cha kingine, na difyuza hazilingani. Tumia kichupa cha kiashiria, kinachoonyesha kwa rangi kiasi cha gesi majini, chenye bromothaimoli buluu na maji ya 4 dKH (kipimo cha ugumu wa kaboneti), wala si maji ya tangi. Kijani ni kama miligramu 30 kwa lita, njano imezidi, buluu haijatosha. Rangi huchelewa kwa saa moja hadi mbili, kwa hiyo usiikimbilie vali kila dakika tano. Washa gesi saa moja au mbili kabla ya taa.

"Vali ya kuzuia maji kurudi ukishaiweka, umemaliza."

Za plastiki huchakaa. Ichomoe na uipulize kwa mdomo upande wa tangi. Hewa ikipita, itupe. Maji yakishafika kwenye solenoidi hukwamisha kizibo chake kwa kutu. Mtungi nao usimame wima muda wote: ukilazwa, kimiminika huingia kwenye regulata, huigandisha na kuharibu kiwambo.