Q bila U: maneno mafupi ya Kiingereza ambayo Mswahili anayajua tayari

Herufi inayowatisha zaidi wanaoanza kucheza Scrabble ya Kiingereza, mchezo wa kuunda maneno ubaoni kwa kete za herufi, ni Q. Kete zote ni 100, Q ni moja tu, ina pointi 10, na kete za U ni 4. Kama unachojua ni QUEEN na QUICK tu, U zikiisha umekwama nayo. Mwenzako akimaliza kete zake wakati Q bado iko kwako, unakatwa 10 naye anaongezewa 10. Pengo la pointi 20 mwishoni mwa mchezo linatosha kabisa kukunyang'anya ushindi.

Ndiyo maana wachezaji ninaowafundisha hawaanzi na maneno marefu. Wanaanza na ya herufi mbili hadi tano yenye Q isiyofuatwa na U.

La herufi mbili ni moja tu, QI (nguvu ya uhai kwa Wachina), na hili ndilo linalookoa watu kuliko yote. Tuseme kuna kisanduku kinachozidisha herufi mara 3, kikiwa na I upande wa kulia na I nyingine chini yake. Weka Q hapo: umeandika QI kwa kulala na QI kwa kusimama. Kila moja ni 30 na 1, jumla pointi 62 kwa kete moja! Mchezaji mzoefu akiona nafasi ya namna hiyo imeachwa wazi na Q haijatoka, huiziba haraka.

Kwenye herufi tatu utakutana na QIN (ala ya muziki ya Kichina), QIS (wingi wa QI), QAT (miraa, au mirungi kwa wenzetu wa Tanzania) na SUQ. Litazame hilo la mwisho. SUQ ni soko. Ni neno lilelile la Kiarabu: sisi tulilichukua kwa njia yetu, Waingereza kwa njia yao.

Hapo ndipo ninapotaka kila mchezaji anayezungumza Kiswahili asimame kidogo. Desturi ya Q kufuatwa na U ilitoka Kilatini na kuingia Kiingereza kupitia Kifaransa, baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066. Kabla ya hapo, malkia aliandikwa CWEN. Maneno ya Q bila U yaliingia baadaye kutoka lugha nyingine, na mengi yametoka Kiarabu, ambako Q inasimama badala ya herufi qaf. Kiswahili sanifu hakina Q, kwa hiyo qaf hiyohiyo sisi tunaiandika K. Maneno mengi ambayo mchezaji wa London hukaririshwa kama tarakimu za simu, wewe umeyasikia tangu utotoni.

Njia yangu ni hii. Tamka neno la Kiswahili, ondoa irabu tuliyoiongeza, hasa mwishoni, kisha geuza K iwe Q. Wakfu inakuwa WAQF. Fikihi inakuwa FIQH. Talaka ni TALAQ, nikabu ni NIQAB, fakiri ni FAQIR. Kibla haipotezi kitu, ni QIBLA. Kadhi inabadilika kidogo tu, QADI. Ukiwa na nafasi ya herufi sita, kasida ni QASIDA. WAQF na FIQH nazipenda kuliko zote: kila moja ina pointi 19 hata kabla ya kugusa kisanduku cha nyongeza, na zinakutoa katika shida ya W, F na H kwa mpigo mmoja.

Mengi kati ya haya yana tahajia zaidi ya moja, kwa sababu Waingereza hawakukubaliana namna ya kuandika qaf. FAKIR inakubalika, TALAK inakubalika, KADI pia. Ukishika K, andika kwa K. Ukishika Q, andika kwa Q.

Njia hii ina mipaka. Si kila K yetu ni qaf: kitabu kina kaf, na ukijaribu kukiandika kwa Q utapingwa na kupoteza zamu. Aliyesoma madrasa ana nafuu kubwa hapa, maana sikio lake linatofautisha qaf ya kooni na kaf. Tena si kila neno lililofika kwetu limefika Kiingereza. Wakati una qaf safi kabisa, lakini WAQT hutaliona kwenye kamusi ya mchezo. Na hakikisha unajua kamusi ipi inatumika. Mashindano ya Afrika na Uingereza hutumia ya Collins, ambayo ndiyo ninayoifuata hapa. Marekani na Kanada wana orodha yao, iliyo fupi zaidi.

Kuna wanaodharau maneno mafupi wakidhani ubingwa ni kumaliza kete zote saba za mkononi kwa zamu moja na kuchukua zile pointi 50 za ziada. Wamsome Wellington Jighere wa Nigeria, bingwa wa dunia wa mwaka 2015 kule Perth, Australia, Mwafrika wa kwanza kulitwaa taji hilo la Kiingereza. Wanigeria walijijengea jina kwa kupenda maneno ya herufi tano hata pale marefu yalipowezekana, ili wabaki na kete nzuri mkononi na wasimfungulie mpinzani ubao. Katika fainali alimshinda Lewis Mackay wa Uingereza michezo minne kwa sifuri, na mojawapo ya maneno yaliyompa pointi nyingi ni FELTY, herufi tano, pointi 36.

Kwa wanaocheza Wordle, mchezo wa mtandaoni wa kukisia neno la herufi tano: msipoteze jaribio kwa TALAQ au NIQAB. Majibu yake huchaguliwa katika maneno yanayofahamika sana, kwa hiyo ukiona Q humo, itafute U kwanza.