Kabla ya Kuweka Sitaha kwenye Boti Ndogo ya Alumini

Kila kusi inapoanza kupoa, wavuvi wa Likoni, Mtongwe na Tudor hapa Mombasa huvuta vyombo vyao pwani ili kuviandaa kwa kaskazi, na sisi wakaguzi wa usalama wa vyombo ndipo tunapokutana na marekebisho ambayo hatukuarifiwa. Boti za alumini bado ni chache mbele ya zile za mbao na faiba, lakini malalamiko ya wenye boti hizo waliokataliwa cheti cha usalama baada ya kuongeza sitaha yamezidi, na ni haki yao kuelezwa sababu.

Nia yao inaeleweka. Boti ya mita 4.5 huwa na mabenchi matatu tu, na mtu hawezi kuvuta wavu vizuri huku akikanyaga mataruma, yaani mbavu za boti. Sitaha tambarare humpa mahali pa kusimama na pa kuweka sanduku la barafu. Hata hivyo, sitaha hubadilisha chombo kizima, na cheti kilichotolewa kwa boti iliyo wazi hakiwezi kuhamia kwenye boti iliyofunikwa.

Tuanze na uzito. Plaiwudi ya futi 8 kwa 4, yenye unene wa milimita 18, ina takriban kilo 32 ikiwa kavu. Plaiwudi mbili pamoja na fremu na bulti zinakaribia kilo 80, sawa na kumbeba baharia wa nne asiyeshuka kamwe. Baya zaidi ni kimo. Tuchukue boti ambayo pamoja na injini, mafuta, sitaha na watu watatu ina kilo 475. Watu hao, wenye jumla ya kilo 210, wakiinuliwa kwa sentimita 30, kitovu cha uzito wa chombo chote hupanda kwa sentimita 13, na hapo hatujahesabu sitaha yenyewe wala samaki waliorundikwa juu yake. Mzee mmoja aliniambia kwamba bahari anaijua tangu utotoni. Sikumbishia, nilichomwomba ni wavulana wake watatu wasimame upande mmoja, boti ikiwa kwenye maji ya kiunoni, na maji yakaingia kabla wa tatu hajatulia.

Yako pia maji ya ngama, yaani yale yanayokusanyika chini kabisa ndani ya chombo. Katika boti iliyo wazi mvuvi huyaona na kuyakumba. Chini ya sitaha, eneo la mita mbili za mraba likijaa kina cha sentimita 5 tu, hiyo ni zaidi ya kilo 100 zinazokimbilia upande ule ule ambao boti inaulalia. Kwa hiyo lazima pawe na mlango wa kufikia banduru, mahali maji hayo yanapokumbwa, na njia ya pampu. Matundu ya kutolea maji juu ya sitaha yana maana ikiwa tu sitaha iko juu ya usawa wa bahari wakati chombo kimepakiwa. Ikiwa chini, matundu hayo huingiza maji. Tangi la petroli lisifungiwe chini bila matundu ya hewa, kwa kuwa mvuke wake ni mzito kuliko hewa na hukaa chini kungoja cheche. Povu gumu lililo ndani ya mabenchi lisiondolewe kwa ajili ya kupata nafasi, maana ndilo linaloiacha boti ikielea baada ya kujaa maji.

Kuhusu vifaa, nitasema jambo moja ambalo mafundi hulipuuza. Mbao za kijani zilizotiwa dawa yenye shaba ni nzuri kwa nguzo za ua, ila shaba na maji ya chumvi huitafuna alumini. Nimewahi kuinua sitaha ya namna hiyo, iliyofungwa kwa skurubu za chuma cha kawaida, nikakuta unga mweupe kuzunguka kila tundu, na bati likibonyea kwa kidole gumba. Hata bulti za chuma kisichoshika kutu zitengwe na alumini kwa washa za plastiki au za mpira.

Utaratibu tunaouomba ni huu. Mwenye chombo alete mchoro, hata wa mkono, unaoonyesha vipimo, kimo cha sitaha, vifaa na uzito wake, pamoja na cheti cha sasa, kabla fundi hajatoboa chochote. Mkaguzi aitwe fremu ikiwa wazi, kwa kuwa kilichofunikwa hakikaguliki bila kubomolewa, na gharama ya kubomoa ni ya mwenye chombo. Baada ya hapo hufanyika jaribio la majini, na idadi ya watu wanaoruhusiwa huandikwa upya. Mara nyingi hupungua.

Wapo wanaotuonyesha leseni ya uvuvi kana kwamba imemaliza hoja. Leseni hiyo, inayotolewa chini ya Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya mwaka 2016, inahusu kuvua. Usalama wa chombo uko chini ya Sheria ya Meli za Biashara ya mwaka 2009, ambayo inaruhusu chombo kisichofaa kwa safari kuzuiwa, na mwenyewe kushtakiwa. Chombo kikishazuiwa, hakiachiliwi kwa simu, wala kwa barua ya mwenyekiti wa BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo), wala kwa kuwa samaki wameanza kupatikana. Huachiliwa mkaguzi anaporudi na kuona kasoro iliyoandikwa imerekebishwa. Wenye bima nao wapeleke nakala ya mchoro uleule kwa kampuni yao kabla ya kazi kuanza.