Saa 24 za kache si ahadi

Leo tena. Kijana mmoja kanipigia kutoka Ngamiani: "Kaka, niliweka data kwenye kache ya WordPress kwa saa 24, mbona hata saa tatu hazijaisha na hakuna kitu?" Mdogo wangu, nani alikwambia saa 24 ni dhamana?

Yale mepesi tuyamalize haraka. Kache ni hifadhi ya muda, ili tovuti isirudi kwenye hifadhidata kila mara. Kwenye WordPress, mfumo wa kutengenezea tovuti, data unayoiweka hivyo kwa muda inaitwa transient. Unaita get_transient, unapewa data au unapewa false. Ukipewa false unarudi kwenye hifadhidata, unatengeneza upya, unaweka kwa set_transient. Basi.

Sasa hapa ndipo ninapopandwa na hasira. Muda unaoandika pale ni ukomo wa juu. WordPress inachosema ni kwamba muda huo ukipita, hupewi tena data ile. Kabla ya hapo haijaahidi lolote! Seva ya kawaida inaiweka data hiyo kwenye wp_options, jedwali mojawapo la hifadhidata. Ukishasakinisha programu ya kache kama Redis au Memcached na kuiunganisha na WordPress, inakaa kwenye memori. Memori ikijaa, vingine vinatupwa. Mtu akizima na kuwasha Memcached, vyote vimekwenda na maji.

Ni chupa ya chai ya mama ntilie. Kaijaza alfajiri ili imfikishe saa nne; wavuvi wakiimaliza saa moja, hakai akalia, anabandika sufuria nyingine. Kijana wangu hana sufuria. Oda za wageni wa gesti alizitia kwenye kache peke yake, kwingine hakuna. Chupa imepasuka na majani hana.

Halafu kuna hii ya kukagua kama kache imerudisha kitu: if (!$vyumba). Vyumba vilivyo wazi vikiwa 0, PHP, lugha ya programu inayoendesha WordPress, inaona ni sawa na false, kwa hiyo kila anayefungua ukurasa hesabu inapigwa upya, na lawama anabebeshwa kache. Andika === false. Alama tatu, si mbili. Nimeshasema mpaka koo limekauka.

Uweke muda gani? Hapo sikudanganyi, mimi mwenyewe nabahatisha. Bei zikionekana za jana, napunguza. Seva ikianza kuhema, naongeza. Kuna siku nilipunguza mno: kache ikaisha wakati watu wamejaa, wote wakaivamia hifadhidata kwa mpigo, tovuti ikalala. Dawa ya hilo ninayoiamini moja kwa moja bado sijaipata.

Kijana nimemwambia aje jioni na laptopu yake. Tutaanza na barua pepe za wageni, tuziokote oda moja moja.