Falcom Zaidi ya Ys na Trails: Dhana Potofu Kuhusu Michezo Yake Isiyojulikana Sana

Kampuni ya Nihon Falcom, yenye makao yake Tachikawa, magharibi mwa Tokyo, ilianzishwa mwaka 1981 na Masayuki Kato, ikiwa kwanza duka la kuuza kompyuta za Apple kabla ya kuingia katika utengenezaji wa michezo ya kompyuta. Wachezaji wengi wa leo wanaifahamu kwa misururu miwili, yaani Ys iliyoanza mwaka 1987 na Trails iliyoanza mwaka 2004, na kila mchezo mwingine wa kampuni hiyo hupimwa kwa kipimo cha hiyo miwili. Kwa kuwa Trails inasifika kwa hadithi ndefu inayoendelea kutoka mchezo mmoja hadi mwingine, mtu anayekutana na Sorcerian au Brandish huona upungufu palepale ambapo watengenezaji waliweka jambo jipya kwa makusudi. Dhana nyingi potofu kuhusu michezo hii zimezaliwa na kipimo hicho, na mimi ninayeipenda naona imeonewa kwa muda mrefu mno.

Dhana: Dragon Slayer, msururu wa kale wa Falcom, ni hadithi moja iliyogawanywa katika michezo minane.

Ukweli ni kwamba jina hilo liliunganisha michezo ambayo haikufanana kwa kanuni, kwa wahusika wala hata kwa aina. Mchezo wa kwanza, uliotungwa na Yoshio Kiya na kutoka mwaka 1984, ulimtaka mchezaji abebe mawe ya nguvu kutoka mapangoni hadi nyumbani kwake ili aimarike kabla ya kumkabili joka. Ukafuatiwa na Xanadu mwaka 1985, Romancia mwaka 1986, kisha Drasle Family na Sorcerian mwaka 1987. Wa sita, The Legend of Heroes wa mwaka 1989, ulikuwa na mapigano ya zamu kwa zamu, na wa saba, Lord Monarch wa mwaka 1991, ulikuwa mchezo wa mkakati ambamo mtawala hupanga kiwango cha kodi huku watu wake wakienea katika ramani. Msururu ulifungwa na The Legend of Xanadu mwaka 1994.

Drasle Family, ambao Marekani uliitwa Legacy of the Wizard, unaonyesha vizuri namna Falcom ilivyokuwa ikifikiri. Familia moja inaishi juu ya handaki kubwa lenye njia nyingi, na kila mmoja wao ana kazi ambayo mwenzake haiwezi. Baba ana nguvu za kusogeza matofali, mama ana vifaa vya uchawi, mnyama wao wa kufugwa hutembea katikati ya mazimwi bila kudhurika kwa sababu naye ni wa jamii yao, na mwana wa kiume peke yake ndiye awezaye kuushika upanga wa kumuulia joka. Mchezaji hulazimika kujiuliza kila mara amtume nani na akabebe nini, na swali hilo ndilo mchezo wenyewe.

Aidha, wapenzi wa Trails wanaodhani kwamba michezo hii ya kale haiwahusu wanapaswa kujua kwamba jina The Legend of Heroes, ambalo Trails bado inalibeba, lilitoka katika mchezo huo wa sita wa Dragon Slayer.

Dhana: Xanadu ya mwaka 1985 ilikuwa kuua mazimwi tu, tena bila kufikiri.

Hii ndiyo dhana inayonisikitisha kuliko zote, kwa sababu ni vigumu kuutaja mchezo wa enzi hiyo uliomwadhibu muuaji asiyefikiri kuliko Xanadu. Ulipendwa mno nchini Japani, ukauza nakala zaidi ya 400,000 kwenye kompyuta za nyumbani, idadi iliyokuwa rekodi kwa mchezo wa kompyuta wa wakati huo. Walioununua walikuta ulimwengu uliohesabiwa kama ghala la chakula wakati wa njaa. Mazimwi wa kila eneo wana idadi maalumu na wakishaisha hawarudi, hivyo mchezaji hawezi kukaa mahali pamoja akiua mpaka apate nguvu anazozitaka. Chakula hupungua kadiri muda unavyokwenda. Silaha nayo ina uzoefu wake, kiasi kwamba upanga mpya wa bei kubwa unaweza kuwa dhaifu mkononi mwa mtu ambaye hajauzoea.

Juu ya hayo kuna karma. Baadhi ya viumbe wa mapangoni ni wema, na anayewaua hurundikiwa karma ambayo hawezi kuiona madhara yake mpaka siku anapoingia hekaluni kupandishwa ngazi. Hapo hukataliwa, hata kama ameshatimiza uzoefu wote unaotakiwa. Njia ya kujisafisha ni kunywa sumu, na sumu hiyo humpunguzia nusu ya uhai wake. Mtu aliyefika chini kabisa ya pango akiwa na chakula cha kubahatisha, mbele yake ana chupa ya sumu ambayo lazima ainywe kwa hiari ili hekalu limkubali, na nyuma yake ana viumbe aliowaua bila kuuliza. Sijui namna ya kuuita mchezo huo kuua bila kufikiri.

Dhana: Faxanadu ni kazi ya Falcom.

Jina lake lenyewe linaeleza mambo, kwani limeunganisha Famicom, jina la mashine ya michezo ya Nintendo nchini Japani, na Xanadu. Falcom ilitoa ruhusa tu, na waliotengeneza ni Hudson Soft, ambao waliutoa mwaka 1987 kwa ajili ya mashine hiyo. Ni mchezo mzuri kwa haki yake, lakini hadithi yake na kanuni zake ni za Hudson, na anayeuhukumu ubunifu wa Falcom kwa kuutazama huo anamhukumu mtu kwa kazi ya jirani.

Dhana: Xanadu Next ni Xanadu ileile iliyopakwa rangi mpya.

Xanadu Next, uliotoka kwenye kompyuta mwaka 2005, umechukua kutoka kwa ule wa kale jina, upanga wa Dragon Slayer na ile tabia ya kubana matumizi, basi. Kilichobaki ni kipya: kisiwa cha Harlech, kasri lililo ziwani, na shujaa ambaye uhai wake unashikiliwa na mlinzi wa kiroho baada ya kujeruhiwa vibaya. Ile hesabu ya ghala imejitokeza kwa sura nyingine, kwa kuwa milango mingi imefungwa na kila ufunguo unaonunuliwa dukani huufanya ufuatao uwe ghali zaidi, na hivyo mchezaji huanza kutafuta njia za kuzunguka badala ya kufungua kila mlango anaoukuta. Kuna pia toleo la simu ya Nokia N-Gage lenye jina hilohilo, ambalo ni mchezo tofauti na lisichanganywe na hili.

Dhana: Sorcerian haina hadithi.

Ina hadithi kumi na tano katika toleo la kwanza pekee, na baadaye diski za nyongeza zikaleta nyingine, zikiwemo zilizowekwa Misri ya kale na Japani ya enzi za vita vya makabaila. Kinachokosekana ni uzi mmoja mrefu unaozifunga zote, na badala yake Falcom iliweka maisha. Mchezaji huwalea mashujaa, huwapa kazi ya mjini kati ya kazi zipatazo sitini, kisha huchagua wanne wa kutuma safarini. Wakirudi, miaka husonga. Mchawi akipewa silaha aitie nguvu za nyota, kazi hiyo huchukua miaka, na shujaa anaweza kuwa mzee kabla silaha yake haijakamilika. Wanadamu huzeeka na kufa mapema kuliko dwafu, nafasi zao zikachukuliwa na wengine. Kwa maoni yangu, hakuna mchezo mwingine wa Falcom uliosema mengi hivyo kuhusu muda kwa maneno machache hivyo.

Dhana: Kamera ya Brandish ni kasoro ya kiufundi.

Kila anayeanza kuucheza Brandish wa mwaka 1991 hukumbana na jambo moja: akibonyeza kugeuka kulia, shujaa habadiliki kwenye skrini, bali ulimwengu wote ndio unaozunguka robo duara chini ya miguu yake. Mlango uliokuwa kushoto sasa uko mbele, ukuta uliokuwa mbele uko pembeni, na mchezaji hushikwa na kizunguzungu kwa muda. Wengi huacha hapo, wakisema mchezo umeharibika. Hata hivyo, Kiya aliupanga hivyo ili mtazamo wa kutoka juu ubebe hisia ya mtu aliye ndani ya handaki, ambaye daima anatazama mbele na hajui kilicho nyuma. Hadithi inasaidia, maana shujaa na mchawi wa kike anayemwinda wanaporomoka pamoja hadi kwenye magofu ya mji uliozikwa, na kazi yote iliyobaki ni kupanda kutafuta mwanga. Baada ya saa chache macho huzoea, na mchezaji huanza kukumbuka njia kwa mwili wake kama anavyokumbuka vyumba vya nyumbani gizani.

Dhana: Zwei na Gurumin ni vya watoto tu.

Rangi zake ni za furaha, hilo sikatai. Lakini katika Zwei wa mwaka 2001 uzoefu haupatikani kwa kuua, bali kwa kula: chakula ndicho dawa na ndicho pia njia ya kupanda ngazi, na vyakula kumi vya aina moja hubadilishwa kwa kimoja bora chenye uzoefu mwingi zaidi, hivyo aliyejeruhiwa huamua kama atakula sasa aokoke au avumilie apate zaidi. Gurumin wa mwaka 2004, wenye msichana aitwaye Parin na keekee yake, una mapigano yanayodai umakini hasa katika ngazi za juu za ugumu.

Dhana: Bila Kijapani haichezeki.

Hilo lilikuwa karibu na kweli zamani, ingawa hata Sorcerian ilitolewa kwa Kiingereza na kampuni ya Sierra mwaka 1990. Tangu wakati huo milango imefunguka taratibu: Gurumin mwaka 2007 kwenye PSP, mashine ya michezo ya mkononi ya Sony, Brandish katika toleo lake jipya la PSP mwaka 2015, Xanadu Next mwaka 2016, Zwei wa pili mwaka 2017 na wa kwanza mwaka 2018. The Legend of Nayuta, uliotoka Japani mwaka 2012, ulisubiri miaka kumi na mmoja kabla ya kutolewa rasmi kwa Kiingereza mwaka 2023, wakati The Legend of Xanadu, ule uliofunga msururu wa Dragon Slayer, bado haujatolewa rasmi kwa Kiingereza.