Utandawazi wa teknolojia, na kazi inayobaki kwa serikali

Utandawazi wa teknolojia ni hali ya ubunifu kuanzia nchi moja na kwenda kushika mizizi nchi nyingine, mtaji na wataalamu wakivuka mipaka pamoja nao. Wengi wakifika hapo huona serikali ya taifa haina tena kazi. Mimi sikubali, na sababu yangu ni M-Pesa.

Wazo lilitoka ndani ya Vodafone, kampuni ya Uingereza, likapata ruzuku ya serikali ya huko. Lilipojaribiwa Kenya mwaka 2005, shabaha ilikuwa watu walipe mikopo midogo kwa simu. Wateja wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao, na Machi 2007 Safaricom ikazindua huduma hiyo.

Safaricom haikuwa benki, na sheria za wakati ule hazikuitaja pesa ya simu. Benki Kuu ya Kenya ingeweza kukataa tu, basi. Lakini ilitaka kwanza kujua jambo ambalo kila mteja angepaswa kuuliza: ukimpa wakala shilingi elfu moja, zinalala wapi? Hazichanganywi na fedha za kampuni. Zinakaa benki, kwenye akaunti ya amana inayoshikiliwa kwa niaba ya wateja, na kila salio linaloonekana kwenye simu lazima liwe na fedha halisi nyuma yake. Kampuni ikiyumba, pesa za wateja si mali yake. Kwa msingi huo Benki Kuu ilitoa barua ya kutopinga, ikabaki kuifuatilia huduma kwa karibu. Sheria ya mifumo ya malipo ilikuja baadaye, 2011. Huo ndio udhibiti ninaoutetea: kulinda pesa za watu bila kuua wazo changa.

Afrika Kusini huduma hiyohiyo iliingia 2010 na kufungwa 2016. Huko ilibidi ipitie benki, na wengi tayari walikuwa na akaunti.

Mkono wa serikali unaweza pia kuumiza. Tanzania ilipoweka tozo ya miamala Julai 2021, aliyetuma na aliyetoa wote walikatwa, juu ya makato ya kawaida ya mtandao. Wananchi walilalamika sana, na kabla mwaka haujaisha serikali ikaipunguza kwa asilimia 30. Teknolojia haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni uamuzi wa Dodoma.