"Nice": tusi lililogeuka sifa

Katika Kiingereza cha leo, kivumishi "nice" husifu karibu kila kitu kinachopendeza bila kusisimua sana: chakula, hali ya hewa, gauni, jirani, hata safari ya basi. Upana huo ndio unaomsumbua anayetafsiri kwa Kiswahili, kwa kuwa hatuna neno moja la kubeba mizigo yote hiyo. Chakula huwa kitamu, siku huwa njema, gauni huwa zuri. Lakini mwanamume akisifiwa kwa neno hilo, kumwita "mzuri" huenda kukamfanya msikilizaji afikirie sura yake, na ni afadhali kusema kwamba ni mpole, mwema au mkarimu, kulingana na alichotenda.

Ajabu ni kwamba neno lenyewe lilianza kama tusi. Asili yake ni neno la Kilatini "nescius", lililoundwa kwa kikanushi "ne" na kitenzi "scire", yaani kujua. Maana yake ni asiyejua, mjinga. Kitenzi hichohicho ndicho chimbuko la neno "sayansi", kwa hiyo sifa hii ya kila siku na elimu ya maabara ni ndugu wa damu, ila mmoja wao alizaliwa akiwa na kikanushi mbele. Katika Kifaransa cha kale neno hilo likawa "nice", kwa maana ya mpumbavu, na Waingereza wakalipokea kutoka huko mnamo karne ya 13, zama ambazo Kifaransa kilikuwa bado na nguvu kubwa nchini mwao tangu Wanormandi, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, walipoiteka Uingereza mwaka 1066. Mshairi Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, alilitumia kama kinyume cha mwenye busara.

Safari kutoka upumbavu hadi sifa haikuwa ya hatua moja. Katika karne zilizofuata neno lilikwenda kwa mtu mwenye haya, kisha kwa mtu wa kuchagua-chagua, yule anayepindua sahani mara mbili kabla ya kukubali kula. Na kwa kuwa anayechagua-chagua huona tofauti ambazo wengine hawazioni, likaja kumaanisha makini, sahihi, lenye undani. Maana ya kupendeza ilishika mizizi katika karne ya 18 tu, kisha ikazifunika nyingine zote. Mwanzoni mwa karne ya 19 lilikuwa limekwisha kutumiwa kupita kiasi: katika riwaya ya Jane Austen iitwayo Northanger Abbey, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 1817, msichana anakisifu kitabu kwa neno hilo, na kijana anayezungumza naye anamtania kwamba bila shaka anakusudia unadhifu wa jalada lake.

Mabadiliko ya namna hii yasitushangaze sisi tunaozungumza Kiswahili. Anayeulizwa "Mambo?" akajibu "Poa" hafikirii chai iliyopoa, na wimbo ukiitwa mkali haina maana kwamba unauma. Isitoshe, neno hubadilika kwa njia yake katika kila lugha: "necio" la Kihispania, lililotokana na "nescius" hilohilo, limebaki kuwa tusi hadi leo, na anayeitwa hivyo hana sababu ya kushukuru. Mji wa Nice ulioko kusini mwa Ufaransa, kwa upande mwingine, haumo kabisa katika ukoo huu. Jina lake limetokana na Nikaia la Kigiriki, lenye asili ya ushindi, na hutamkwa "Nis".

Maana ya kale ya umakini haijafa. Wanasheria na wanafalsafa wa Kiingereza bado husema "a nice distinction", wakikusudia tofauti nyembamba mno inayohitaji jicho kali ili kuonekana. Hapo ndipo watafsiri wengi hujikwaa. Akiandika "tofauti nzuri", mtafsiri atakuwa ameisifu tofauti ambayo mwandishi hakuisifu hata kidogo, na msomaji atabaki akijiuliza uzuri wake uko wapi, ilhali kilichosemwa ni kwamba mambo mawili yanakaribiana kiasi kwamba ni rahisi kuyachanganya.